Wa Kozi Moja

Mazungumzo ya leo yanahusu watu waliovalishwa sare siku moja wakiwa bado hawajaota ndevu vizuri, wakakimbizwa mchakamchaka pamoja, wakatunukiwa kamisheni kwenye uwanja mmoja, na sasa wamestaafu, kichwa cheupe, magoti yanalia wakipanda ngazi. Nitawapeleka mbali kidogo, Marekani, kwenye chuo cha kijeshi cha West Point, kando ya mto Hudson, kaskazini mwa jiji la New York. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1802, na kumbukumbu zake zimetunzwa kiasi kwamba unaweza kumfuata mtu tangu siku aliponyolewa nywele hadi siku aliyozikwa, ukaona nani alikuwa pale. Kisha tutarudi nyumbani.

Tuanze na Julai 1885. Juu ya kilima kiitwacho Mount McGregor, katika jimbo la New York, Ulysses Grant yuko katika siku zake za mwisho. Huyu ndiye jenerali aliyeishinda Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akawa Rais kwa vipindi viwili. Sasa saratani imemshika kooni, sauti imekatika, anazungumza kwa kuandika kwenye vipande vya karatasi. Mwaka uliotangulia kampuni ya fedha aliyoweka mali yake yote ilianguka, akabaki mikono mitupu. Kwa hiyo anakimbizana na kifo kumaliza kitabu cha maisha yake, ili mkewe asiachwe maskini, na mwandishi Mark Twain ndiye amebeba jukumu la kukichapisha. Tarehe 10 ya mwezi huo anapanda mgeni kilimani. Jina lake Simon Bolivar Buckner, naye alikuwa jenerali wa upande ule mwingine, upande wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga.

Wawili hawa walijuana West Point. Grant alihitimu mwaka 1843, akiwa wa 21 katika darasa la watu 39. Buckner alimfuata mwaka 1844. Walipigana pamoja Mexico, na vita ilipokuwa inaisha walikuwa katika kundi moja la maafisa vijana waliojaribu kupanda mlima Popocatépetl. Mwaka 1854 Grant aliacha jeshi akiwa kapteni. Alifika New York akitokea California, hana nauli ya kumfikisha kwao wala fedha ya kulipia hoteli. Buckner alikuwa mjini hapo. Akamsimamia lile deni la hoteli, Grant akapata njia ya kurudi kwa watu wake. Miaka minane baadaye, Februari 1862, Grant aliizingira ngome ya Donelson jimboni Tennessee, na aliyeachiwa mzigo wa kusalimisha ngome hiyo alikuwa Buckner yuleyule. Alipouliza masharti, Grant alimjibu kwamba hakuna sharti lolote ila kusalimu amri mara moja. Jibu lile lilimchoma Buckner, na hakuficha. Wanajeshi zaidi ya 12,000 wakawa mateka. Lakini Buckner mwenyewe alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba, shughuli ilipokwisha, Grant alimvuta kando, mahali pasipo na watu, akamwambia auchukulie mfuko wa fedha wa Grant kuwa wake.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walikwisha kusema, na hapa kila mmoja alimfaa mwenzake kwa zamu. Na ile safari ya kupanda Mount McGregor mwaka 1885 ilikuwa zamu ya mwisho. Buckner alikaa na mgonjwa, mmoja akisema, mwingine akiandika. Grant aliandika kwamba tangu augue ameona jambo alilolitamani tangu vita iishe, yaani watu wa Kaskazini na wa Kusini kutakiana mema. Siku 13 baadaye alifariki. Mazishi yalifanyika New York tarehe 8 Agosti, na miongoni mwa waliotajwa kubeba jeneza kwa heshima walikuwa Sherman na Sheridan, majenerali wake, pamoja na Joseph Johnston na Buckner, majenerali wa adui. Wote wanne walikuwa zao la West Point.

Nimeanza na hadithi hii kwa sababu watu wengi wakiisikia husema mara moja, naam, hivyo ndivyo jeshi linavyounda udugu. Unawaweka vijana pamoja, unawatesa sawasawa, wanatoka ndugu. Mimi siamini kwamba mambo ni mepesi hivyo. Naamini mateso ya pamoja yanawapa watu nafasi tu. Udugu wenyewe unatengenezwa na yale mtu anayomtendea mwenzake baadaye, moja moja, mwaka baada ya mwaka, na kipimo chake hasa ni uzee, pale ambapo hakuna cheo cha kupandishwa wala kamanda wa kukulazimisha uhudhurie. Na ninao ushahidi kutoka chuo hichohicho, ushahidi unaouma, ambao nitaufikia.

Kwanza niwaeleze jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Nasema kazi, kwa sababu ina watu wake na ina utaratibu. Waliohitimu West Point wana chama chao tangu mwaka 1869. Kila mhitimu ana namba yake ya maisha, inayoitwa namba ya Cullum, kwa jina la George Cullum, mhitimu wa 1833 aliyekusanya rejista ya wahitimu wote kuanzia yule wa kwanza mwaka 1802. Namba hiyo haipewi mtu mwingine hata ukifa. Kila darasa lina viongozi wake na mwandishi wake, mtu anayepokea habari za wenzake na kuzipeleka kwenye jarida la chama: fulani kapata mjukuu, fulani kafanyiwa upasuaji wa moyo, fulani kahamia karibu na binti yake kwa sababu mkewe amepoteza kumbukumbu. Ukisoma habari hizo kwa kufuata darasa moja, unaona maisha ya binadamu yakipita mbele yako. Mwanzoni ni vyeo na harusi. Kisha ni watoto kuingia vyuo. Kisha kustaafu. Baada ya hapo mwandishi anakuwa mtu wa kutangaza misiba, mpaka naye anatangazwa.

Akifa mmoja, desturi inataka taazia yake iandikwe na mtu aliyemjua, na mara nyingi anayeshika kalamu ni mwenzake wa darasa au mtu wa familia yake. Nimesoma nyingi kati ya hizo, na kinachonivutia ni mahali zinapoanzia. Marehemu anaweza kuwa aliongoza divisheni nzima, lakini mwenzake anaanza na mvulana aliyeingia lango la chuo akiwa na sanduku moja, aliyekuwa akilala darasani saa ya hesabu, aliyempa viatu vyake siku ya gwaride. Mjane anasoma habari za kijana ambaye yeye hakumkuta. Watoto wanasoma habari za baba ambaye hawakuwahi kumwona. Hakuna jirani, hakuna padri wala shehe anayeweza kuwapa kitu hicho. Ni yule wa kozi moja tu.

Yako na mengine. Kila mwaka wahitimu wa zamani wanaporudi chuoni hupiga gwaride lao kwenda kwenye sanamu ya Sylvanus Thayer, mkuu wa chuo wa miaka ya 1817 hadi 1833, na anayeweka shada la maua ni mkubwa wao kwa darasa aliyeweza kufika. Wako wanaofika kwa kiti cha magurudumu. Zipo pete za darasa, desturi iliyoanza na darasa la 1835. Tangu mwanzo wa karne hii familia za marehemu zimekuwa zikitoa pete hizo ziyeyushwe, na dhahabu yake ichanganywe katika pete za vijana wanaokaribia kuhitimu. Na upo mpango ambao naupenda kuliko yote: darasa la wazee hukabidhiwa darasa changa litakalohitimu miaka 50 baada yake, likalifuata tangu vijana wanapoanza mafunzo. Wazee wa miaka karibu 70 hutembea nao kwenye mwendo wa miguu wa kurudi kambini, na siku ya kuhitimu ndio wanaowapa vijana vyeo vyao vya kwanza, ile alama ya dhahabu ya luteni usu.

Lipo darasa moja ambalo Wamarekani hulitaja sana, la mwaka 1915. Wahitimu walikuwa 164, na 59 kati yao walifikia ujenerali. Humo walikuwamo Dwight Eisenhower, Omar Bradley na James Van Fleet. Eisenhower alimaliza akiwa wa 61 kwa masomo na wa 125 kwa nidhamu, kijana wa kuvuta sigara kwa kificho, aliyeumia goti akicheza mpira na nusura akose kamisheni. Mtu huyo baadaye alivaa nyota tano na akawa Rais. Dunia nzima ilimwona hivyo, ila watu wachache walioweza kumkumbusha adhabu zake za ukadeti.

Tarehe 4 Aprili 1952 mtoto wa Van Fleet, rubani, naye mhitimu wa West Point wa mwaka 1948, hakurudi kutoka kwenye safari ya kivita juu ya Korea. Baba yake ndiye aliyekuwa kamanda wa jeshi lote la nchi kavu huko. Msako ulifanyika, kisha baba mwenyewe akaamua usitishwe, asije akapoteza watoto wa wenzake kwa kumtafuta wake. Desemba mwaka huo Eisenhower, akiwa Rais mteule, alifika Korea, na mtoto wake wa kiume, John, alikuwa askari hukohuko. Wazee wawili wa darasa moja, mmoja mtoto wake yu hai, mwingine hajui hata kaburi liko wapi. Van Fleet aliishi hadi mwaka 1992, akiwa na miaka 100, na mwanawe hakupatikana kamwe.

Wala nisiwapake rangi. Bradley na Eisenhower walitofautiana, na kitabu cha maisha ya Bradley, kilichotoka mwaka 1983 baada ya yeye kufariki, kina maneno makali juu ya jinsi Eisenhower alivyoendesha vita. Kuwa wa kozi moja hakumfanyi mtu afumbe macho.

Kwa hilo la kutofautiana, sioni mfano mkubwa kuliko darasa la 1966. Hawa walihitimu 579, na moja kwa moja wakaangukia Vietnam. 30 walikufa huko. Mwandishi Rick Atkinson aliwaandikia kitabu kizima, kiitwacho The Long Gray Line, kilichotoka mwaka 1989. Vita ilipokwisha, mwanajeshi mmoja wa zamani, Jan Scruggs, alikuja na wazo la kujenga kumbukumbu ya waliokufa, yenye majina yao yote. Mwenyekiti wa mfuko uliobeba kazi hiyo alikuwa Jack Wheeler, wa darasa la 1966. Mashindano yakatangazwa, akashinda mwanafunzi wa miaka 21, Maya Lin: ukuta wa jiwe jeusi uliozama ardhini, wenye majina tu, bila sanamu wala bendera. Oktoba 1981 alisimama mbele ya tume ya serikali mtu aliyejeruhiwa Vietnam, akaushambulia mchoro ule kwa uchungu, akiuita kovu jeusi la aibu. Huyo alikuwa Tom Carhart. Naye ni wa darasa la 1966.

Fikiria hapo, msikilizaji. Watu wawili waliokula bwalo moja kwa miaka minne wanagombana hadharani, nchi nzima ikiwatazama, na wanachogombania ni namna ya kuandika majina ambayo ndani yake yamo majina ya wenzao 30. Kila mmoja anaona mwenzake anawadhalilisha marehemu. Hapa hakuna aliyekuwa mnafiki. Carhart alitaka walioanguka wasimame juu, waonekane kishujaa, kwa kuwa waliorudi nyumbani walitukanwa. Wheeler alitaka majina yenyewe yatoshe. Mwishoni pakapatikana maafikiano: ukuta ulizinduliwa Novemba 1982, na mwaka 1984 ikaongezwa sanamu ya askari watatu iliyochongwa na Frederick Hart. Leo majina ni zaidi ya 58,000, na watu wanaofika pale hugusa jiwe kwa vidole. Mimi nadhani Wheeler alikuwa na haki kuhusu ukuta. Nadhani pia kwamba hasira ya Carhart ilitoka palepale ilipotoka juhudi ya Wheeler.

Mwaka 2016 ilifika zamu ya darasa la 1966 kuwa wazee wa miaka 50, na darasa changa lililokuwa mikononi mwao ni la 2016, vijana waliozaliwa takriban miaka 20 baada ya ile vita kuisha. Wheeler hakuwepo. Aliuawa mwishoni mwa mwaka 2010, na mwuaji wake hajajulikana.

Nipite haraka kwenye jambo moja, maana najua wasikilizaji wanawake wanajiuliza. Wanawake waliingia West Point kwa mara ya kwanza mwaka 1976, wakiwa 119, na mwaka 1980 wakahitimu 62. Wengi wa wenzao wa kiume hawakuwataka pale na walihakikisha wanalijua hilo. Sasa kina mama hao wamepita miaka 60, na wengi wao wamestaafu.

Na huko kukataliwa ndiko kunakonifikisha kwenye ule ushahidi niliousema.

Mwaka 1932 aliingia West Point kijana mweusi, Benjamin Davis, mtoto wa afisa wa jeshi. Wiki za mwanzo zilienda kama za makuruta wote. Kisha usiku mmoja aligongewa mlango, akaambiwa kuna mkutano chini. Akashuka. Alipofika mlangoni akasikia kwamba mada ya mkutano ni yeye, na kwamba wanajadili watamfanya nini. Akageuka, akarudi chumbani. Tangu usiku ule walimsusa. Hakuna kadeti aliyezungumza naye isipokuwa kwa jambo la kazi. Alilala peke yake chumbani kwa miaka yote minne, katika chuo ambacho kila mtu ana mwenzake wa chumba. Kwenye bwalo alikula kimya. Walitarajia atachoka aondoke zake. Hakuondoka. Mwaka 1936 alihitimu akiwa wa 35 kati ya 276.

Ninachotaka mkisikie ni hiki. Davis aliamshwa saa ileile na wenzake. Alikimbia njia ileile, alivumilia baridi ileile ya mto Hudson, alifanya mitihani ileile. Kama mateso ya pamoja yangekuwa yanazaa udugu yenyewe, basi Davis angetoka pale na ndugu 275. Alitoka hana. Na kitabu cha darasa cha mwaka ule wa kuhitimu kilimwandikia maneno ya sifa, kwamba ujasiri wake umewafanya wenzake wamstahi. Walimwandikia hivyo watu ambao kwa miaka minne hawakumpa hata salamu ya asubuhi. Nimeyasoma maneno yale zaidi ya mara moja, na kila mara hasira inanipanda. Kumwambia mtu kwa maandishi kwamba unamheshimu ni rahisi kuliko kuvuta kiti ukakaa naye kula.

Wa darasa lake walikuwamo William Westmoreland na Creighton Abrams, ambao mmoja baada ya mwingine waliongoza majeshi ya Marekani Vietnam. Davis naye aliongoza marubani weusi wa Tuskegee katika Vita vya Pili vya Dunia, akawa jenerali wa kwanza mweusi wa jeshi la anga mwaka 1954, akastaafu mwaka 1970. Mwaka 1991 alitoa kitabu cha maisha yake na humo akaeleza ile miaka minne waziwazi, bila kumung'unya maneno. Alikuwa anakaribia miaka 80. Wenzake walipokuwa wakiandikiana kuhusu ujana wao, yeye alikuwa akiandika kuhusu ukimya wao.

Na sasa irudisheni akilini ile picha ya mazishi ya Grant. Kaskazini na Kusini wamebeba jeneza pamoja, na watu wakasema taifa limepona. Kusini ilikuwa imepigania haki ya kuendelea kumiliki binadamu. Miaka mitatu tu kabla ya mazishi yale, mwaka 1882, jeshi lilikuwa limemfukuza Henry Flipper, mtu aliyezaliwa utumwani Georgia na kuwa mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, mwaka 1877. Naye katika miaka yake ya chuo alisusiwa vilevile. Msamaha wa Rais aliupata mwaka 1999, karibu miaka 59 baada ya kufa. Kwa hiyo udugu ule wa Grant na Buckner ulikuwa wa kweli, sina shaka nao, lakini ulikuwa na mlango, na mlangoni walisimama watu wakichagua nani aingie. Waliojua kumkumbatia adui aliyewapiga risasi walishindwa kumwambia hujambo mwenzao aliyelala chumba cha pili.

Mwaka 2017 West Point ilifungua jengo jipya la kulala makadeti na kulipa jina la Davis. Yeye alikuwa amefariki mwaka 2002. Makadeti wanaolala humo leo wana wenzao wa chumba.

Turudi nyumbani sasa. Hapa Tanzania maafisa wengi wametoka chuo cha kijeshi cha Monduli, na ukimkuta Luteni Kanali mstaafu akinunua mbolea Morogoro, muulize kozi yake. Ataanza kukutajia majina kabla hujamaliza swali. Lakini hata sisi tusio maafisa tuna jambo linalofanana na hilo. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ilianzishwa mwaka 1963, na mpaka ilipositishwa mwaka 1994 ile ya mujibu wa sheria, vijana waliomaliza kidato cha sita walipita Ruvu, Mafinga, Oljoro, Makutupora na kambi nyinginezo. Ikarejeshwa mwaka 2013. Kila kundi lina jina la operesheni yake. Watu wazima wenye vitambi, mmoja mkurugenzi, mwingine mkulima, wakikutana kwenye msiba na kugundua kwamba walikuwa operesheni moja, ukaaji unabadilika. Mkurugenzi anahama kutoka viti vya mbele.

Na mila zetu zililijua jambo hili zamani, kabla ya kambi na bendera. Wamaasai na Wakikuyu wana marika yao, waliotahiriwa pamoja, na rika lina wajibu kwa mwanarika hadi kifo. Mtu wa rika lako ana haki ya kukugombeza mbele ya wanao. Sehemu nyingi haki hiyo imepungua nguvu, na naona ndiyo sababu watu wanashikilia sana kozi na operesheni.

Nimezungumza na wastaafu kadhaa kuhusu makundi yao. Wanayo kwenye simu, wanachangiana kwa miamala, wanazikana. Yote hayo ni mema. Lakini nilipouliza orodha kamili ya kozi iko wapi, jibu lilikuwa karibu moja kila mahali: yuko mzee fulani, anayo kwenye daftari, au anayo kichwani. Mzee huyo ndiye anayejua yupi alihamia Kigoma, yupi mjane wake hajui kusoma ujumbe wa simu, yupi aliondolewa jeshini vibaya na akajitenga kwa aibu. Akifa yeye, kozi nzima inapoteza anwani.

Na yule aliyejitenga ndiye ninayemfikiria zaidi. Katika kila kozi yupo. Yule aliyechekwa kwa lafudhi yake, aliyekuwa akishindwa mbio, aliyesingiziwa wizi wa shuka na hakutetewa na mtu. Katika kundi la simu hayumo, na hakuna anayeuliza. Wenye kozi wana kumbukumbu tamu kwa sababu wanakumbushana wale waliokuwa watamu kwao.

Basi, wazee wangu, nina ombi mahususi. Ninyi mnaoshika daftari la kozi au la operesheni, mtafuteni mjukuu mmoja anayejua kuandika vizuri, mkae naye jioni mbili tatu, muandike majina yote, pamoja na ya wale ambao hamkuelewana nao. Penye kifo andikeni mwaka na mahali alipozikwa. Penye mjane andikeni namba yake. Na pale penye mtu ambaye hamjui aliko, iandikeni hivyohivyo, kisha mpige simu kwa mtu wa kijiji alichotoka. Tumieni pia kipindi hiki: tuleteeni jina la kozi au operesheni, mwaka na kambi, nasi tutalisoma Alhamisi ijayo baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.